Kiota Ndani ya Mashine ya Kuchapa

Mashine ilikuwa na joto. Sibomana aliishika ubavuni, akaondoa mkono, akaishika tena, kwa sababu haikuwa imeunganishwa na umeme tangu Gad, muuza vyuma chakavu, aishushe kwenye lori lililotoka Muganza. Ilikuwa mashine ya kuchapa ya umeme, ya zamani, yenye gurudumu la plastiki lililobeba herufi na nyundo ndogo ya kuligonga. Gad aliiokota katika stoo iliyoachwa karibu na machimbo. Ilinuka vumbi la saruji, na chini ya vumbi ilinuka maziwa ya mama.

Fundi mwingine angejiuliza. Huyu hakujiuliza, maana mteja wa Bukavu angevuka mpaka kesho yake kuichukua, mtu wa kujaza fomu zenye karboni ambazo printa za siku hizi haziziwezi. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake pale Kamembe. Nyuma ya pazia aliishi na mkewe Mutoni na binti yao Mwamini, mwenye miaka mitatu.

Alifungua skrubu, akatoa mota na kadi ya umeme, akaviweka kando. Chini ya vibonye alikuta kiota cha manyoya ya kijivu, laini, yaliyosokotwa kwa uangalifu. Panya, alisema. Akachukua birika lililokuwa likitokota jikoni, akamimina maji yote humo, grisi na uchafu vitoke kwa mpigo mmoja.

Sasa tumseme kidogo huyu bwana. Mtaa mzima ulimjua kwa ukali wake juu ya maji ya moto. Yeye ndiye aliyekuwa akigombeza wake za watu uani: usimwage maji ya moto bila kusema bismillahi, kuna viumbe msioviona, na watoto wao wanacheza hapo hapo miguuni penu. Mutoni, aliyekulia Bukavu kwa Wakristo akasilimu alipoolewa, alifundishwa jambo hilo kabla hajafundishwa hata kutia udhu. Na siku hiyo mwalimu mwenyewe alimwaga birika zima huku simu ameibana begani, akimhakikishia mteja kwamba kazi imekwisha. Bismillahi haikumtoka.

Kitu kililia ndani ya mashine, sauti nyembamba, fupi, ikakatika. Sibomana aliigeuza, maji yakatoka pamoja na manyoya yaliyolowa. Panya hakumwona.

Aliianika, akaitia mafuta, akarudisha mota na kadi. Adhuhuri ya siku ya pili alichomeka waya. Gurudumu lilizunguka na nyundo ikagonga mara moja, peke yake. Nyuma ya pazia Mwamini akapiga kelele. Nyundo ikagonga tena, na mtoto akalia tena. Sibomana alichomoa waya, lakini nyundo ikazidi kugonga, kwa haraka, na kila pigo lilijibiwa na kilio.

Mutoni alitoka na mtoto mikononi, amempandisha gauni. Mgongoni malengelenge yalikuwa yakifura moja baada ya jingine, kila nyundo ilipogonga, yamejaa maji, na ngozi ilikuwa nyekundu ya kuungua.

"Papa Mwamini, ile masini iko nachoma mutoto."

Sibomana aliingiwa na hasira ya woga, ile mbaya kuliko zote. Alinyakua nyundo yake kubwa akaipiga mashine kwa nguvu zake zote. Kifuniko kilipasuka, na wakati huo huo mfupa wa bega la Mwamini ulivunjika mbele ya macho yao, kwa mlio waliousikia wote wawili.

Mutoni alimuuliza amefanya nini na mashine hiyo. Akamwambia yote: kiota, birika, simu. Mutoni alimzaba kofi lililomtoa damu puani, na haki yake.

Jirani alikimbia kumwita Shehe Ntabaza. Alifika na kitabu chake, akaketi mbele ya mashine iliyokuwa bado inagonga, akaanza kusoma. Hakufika mbali. Mutoni alimlaza mtoto mkekani, akasimama wima, macho meupe, akamkaba shehe koo kwa mkono mmoja, akambamiza kwenye rafu mara tatu huku redio na mapasi ya watu yakiwaangukia, hata meno mawili ya mbele yakamtoka mzee wa watu, na harufu ya maziwa ikajaa chumbani, nzito, ya kutapisha, na sauti iliyotoka kinywani mwa Mutoni haikuwa yake.

"Mutoto yangu alikuwa nalala. Mulimumwangia moto."

Shehe, damu ikimchuruzika kidevuni, alimuuliza anataka nini.

"Nataka ule mutoto yake."

Mwamini hakulia tena. Alikuwa amelala kifudifudi, anapumua kwa shida, na malengelenge yalikuwa yamepanda hadi shingoni. Sibomana alimtazama mwanawe, akatazama sufuria ya maji ya chai iliyokuwa ikitokota juu ya mbabula, jiko la makaa, kando ya pazia, na hofu ikamkamata kiasi cha kujikojolea, lakini akapiga magoti, akakunja mkono wa shati, na ule mkono wa kulia, ulioshika bisibisi miaka yote na kuwalisha wote watatu, akauzamisha hadi kiwiko katika maji yanayochemka, akaushikilia humo huku akipiga mayowe yaliyosikika sokoni, ngozi ikimtoka kama soksi, na hakuutoa.

"Ni mukono hii njo ilimwanga," alisema. "Mutoto hana kosa. Kamata hii."

Nyundo ikasimama. Mutoni aliketi chini taratibu. Alionekana kumsikiliza mtu anayemnong'oneza, kwa muda, kisha akaitikia kwa kichwa na kuanguka. Shehe alisema aliyempanda ametoka. Waliamini, maana walitaka kuamini.

Mfupa wa Mwamini ulifungwa hospitali ukaunga. Mkono wa Sibomana ulipona vibaya, vidole vikajikunja, visiweze kushika hata skrubu. Hakulalamika. Aliona amelipa, na mwanawe anacheza uani. Mteja wa Bukavu aliikataa mashine iliyopasuka, na Shehe alikuwa ameagiza itupwe ziwani, lakini kila Sibomana alipoikumbuka, Mutoni alisema kesho. Mutoni mwenyewe alikuwa akikonda.

Alasiri moja Sibomana alirudi kutoka kubadilisha bendeji, akachukua gunia la kwenda kuitupa mashine, akaingia karakana bila kubisha. Mutoni alikuwa ameketi sakafuni, mashine ipo mapajani, kitenge kimeshushwa kifuani. Mwamini alikuwa ameachishwa ziwa zaidi ya mwaka. Lakini titi lilikuwa limejaa, na chuchu ilikuwa ikivutwa mbele, ikivutwa na kuachiwa, na hapakuwa na mdomo. Vibonye vilikuwa vikizama kimoja kimoja, polepole, namna vidole vya mtoto vinavyochezea kifua cha mama.

"Ule mutoto yake hakukufaka," Mutoni alisema bila kumtazama. "Aliungua tu. Mama yake maziwa ilimukaukia kwa uchungu. Mukono yako haikumutosha. Niliitika, juu amuache Mwamini."

Sibomana alisogea hatua moja na gunia lake. Vibonye vikasimama vyote, na uani Mwamini akaacha kucheza na kuanza kulia.

"Weka hiyo gunia chini, Papa Mwamini," mkewe alimwambia kwa sauti ndogo. "Bado iko nanyonya."