Makopo Mawili Meupe

Zulfa alikuwa anakoroga siagi na sukari upenuni, na nyuma yake, chumbani, kigololi kilikuwa kinagonga ndani ya kopo la rangi ya spre. Ndivyo asubuhi za nyumba ile zilivyo hapa Katesh. Mke anaoka keki za harusi, na mume wake Muksini anatengeneza visanamu vya kusimama juu ya keki, bibi na bwana harusi wenye urefu wa kidole. Upepo ulikuwa haujashuka kutoka mlimani. Kuku walikuwa wanasubiri maganda ya mayai.

Kigololi kikanyamaza. Mlango ukafungwa kwa komeo, na tambara likasukumwa chini yake kwa ndani.

"Baba Shamimu," Zulfa akaita, "unajifukiza humo kama samaki."

"Fundi hapulizi rangi barabarani," akajibu mumewe.

Ndugu zangu, Muksini si mtu mbaya. Sisi majirani tunamjua. Msiba ukitokea yeye ni wa kwanza kufika, na mzee hapiti bila kupewa shikamoo. Lakini alikuwa na choyo cha aina moja, nacho ni choyo cha ujuzi. Ng'ambo ya ukuta anafanya kazi Yoakimu, anayepaka rangi pikipiki, na Muksini aliamini kwamba Yoakimu akijua tu ni spre gani inatumika, mji mzima utajaa visanamu. Kwa hiyo kila kopo alilonunua alilisugua kwa msasa mpaka maandishi yote yakafutika. Hata Zulfa hakuruhusiwa kuingia chumba kile.

Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ya Mzee Gidamis, ambaye mwanawe anaoa Jumamosi. Mzee hakuridhika na maharusi peke yao. Alitaka na ng'ombe sita anaompa kijana aanzie maisha.

"Na kila mmoja afanane na mwenyewe," alisema siku ile ya kuagiza. "Mtu akimwona, amtaje. Wasipofanana, mama, keki nayo itabaki kwenu."

Muksini aliwatengeneza ng'ombe kwa kumwaga uji wa jipsamu kwenye kalibu, akawatia pembe za waya. Walipendeza kweli. Kilichobaki kilikuwa praima, ile rangi ya kwanza inayoshika mwili ili rangi nyingine zishike juu yake.

Komeo likafunguliwa. Muksini akatoka na sinia la ng'ombe weupe, macho mekundu, miguu haina mwelekeo. Akaliweka sinia chini, kisha akakaa mwenyewe katikati ya kuku.

"Una nini?"

"Kichwa kinazunguka."

"Hakizunguki bure. Umeifungia spre chumbani, ukajifungia nayo." Zulfa akamshika mkono, akamsogeza penye hewa, akampa maji. Akasimama pale mpaka rangi ya uso wake ilipomrudia.

Ng'ombe walipokauka, Muksini akachovya brashi katika rangi nyekundu, akampitishia dume mkubwa mgongoni. Rangi haikukaa. Ilijikusanya vitone kama maji juu ya jani la kabichi, ikateremka mpaka kwenye kwato. Akajaribu tena. Akajaribu kwa mtamba. Ikawa vilevile.

"Praima mbovu hii. Nimeuziwa takataka."

"Una hakika ni praima?" Zulfa akauliza taratibu.

Muksini akaingia chumbani, akatoka na makopo mawili. Moja lilikuwa praima nyeupe. La pili lilikuwa nyeupe ya kung'aa, aliyoinunua kwa ajili ya gauni la bibi harusi. Yote yalikuwa na vifuniko vyeupe, na yote yalikuwa yamesuguliwa mpaka yakatakata. Akayatikisa. Akayanusa. Akayapima mkononi kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

Zulfa alijizuia, kisha akashindwa, akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. "Umemficha Yoakimu, umemficha mkeo. Sasa umejificha na wewe mwenyewe."

Wakati huohuo hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Gidamis.

"Shikamoo mzee," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Nimekuja kuangalia ng'ombe zangu." Akainama juu ya sinia, akatazama kwa muda mrefu. "Mbona wamevaa kama watoto wa komunio?"

Hapa, msomaji, Muksini angeweza kudanganya. Angesema rangi iko njiani, halafu angejifungia tena chumbani, apulize kwa kubahatisha hadi Jumamosi. Keki ya mkewe ingebaki na jina la nyumba lingeharibika. Alimtazama Zulfa, akalitazama bakuli la siagi. Kisha akaenda ukutani mwenyewe.

"Yoakimu, jirani. Naomba unisaidie."

Yoakimu alikuja na barakoa yake shingoni na kipande cha bati mkononi. Akapuliza mstari mmoja kutoka kila kopo, akaliacha bati juani. Baada ya muda mstari wa kwanza ulikuwa unang'aa kama jino. Wa pili ulikuwa umefifia kama chaki.

"Huu uliofifia ndiyo praima," akasema. "Praima haijipambi. Pitisha ukucha, unasikia inakwaruza? Huko ndiko rangi inakoshika. Ile ya kung'aa ni ya kumalizia, kila kitu kinateleza juu yake. Na mimi ninatumia hii hii, bosi."

Muksini akashtuka. "Ulijua?"

"Si tunanunua duka moja?"

Mzee Gidamis ndiye aliyeanza kucheka, na Muksini ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha.

Wakagawana msasa laini. Mzee naye akachukua kipande, akamkwangua dume wake uso wa kung'aa, kwa upole kama anayemtoa kupe. "Pembe ya kushoto imeinama," akasema, akaukunja waya kidogo. "Huyu ni mgomvi."

Walipofuta vumbi, Yoakimu akaona kila ng'ombe amegandishwa juu ya kizibo cha soda, ili ashikwe na kuzungushwa bila kuguswa mwili. "Hii sikuijua," akasema. "Vishikio vya breki nikivipaka vinanisumbua kila siku."

"Basi chukua," Muksini akajibu. Nadhani hilo lilimgharimu, lakini alilisema.

Wakapulizia nje, nyuma ya ukuta, mbali na jiko la Zulfa, maana spre na moto havikai pamoja. Ng'ombe watakaokuwa wekundu au wa rangi nyepesi walipata praima nyeupe. Watakaokuwa weusi walipata ya kijivu, ambayo Yoakimu aliileta kutoka kwake.

"Shibiri moja," alielekeza. "Ukimkaribia, macho yanazibwa. Ukiwa mbali, rangi inafika imeshakauka, ngozi inakuwa msasa. Usimwogeshe, mpungie tu."

Mchana upepo ukashuka na vumbi lake. Wakaacha.

Funzo

Ndugu zangu, ujuzi unaofichwa humpofusha kwanza aliyeuficha. Muksini hakuibiwa kitu. Alijinyima hewa, alimnyima mkewe nafasi ya kumsaidia, na karibu aipoteze kazi, kwa siri ambayo jirani alikuwa nayo tangu zamani. Mwonyeshe mwenzako unachokijua, naye atakuonyesha usichokijua. Na rangi ya spre, jamani, ipulizieni nje.

Ninapoandika haya ni Alhamisi jioni. Ng'ombe sita wamesimama chini ya tenga lililofunikwa kitambaa, wanne weupe na wawili wa kijivu, bado hawana rangi zao. Mzee Gidamis alitaka kulala pale awalinde, Zulfa akamwambia hawa hawaendi malishoni. Muksini ameyaandika makopo upya kwa wino mzito, herufi kubwa, na ameyapanga yakitazama upande wa Yoakimu. Kesho asubuhi, kabla upepo haujaamka, wataanza na yule dume mwekundu.