Kumrudisha Jaber Kazini

Nyumba yetu iko Kianda, hapa Kibera, si mbali na Olympic. Asubuhi kwetu ina kelele. Mitungi inagongana, watoto wanatafuta soksi, na jirani anafungulia redio yake ili plot nzima isikie. Mimi ninakaanga mandazi mlangoni. Mildred, mke wa mwanangu, anayapeleka barabarani kuuza. Oketch, mwanangu, anaenda kumwangalia farasi.

Ndiyo, farasi. Watu wakisikia hushangaa. Kibera kuna kuku, kuna bata, kuna mbuzi wanaokula makaratasi. Sisi tuna farasi. Ana banda lake la mabati upande wa Jamhuri, karibu na uwanja.

Farasi huyu alikuwa wa mzee wangu, Ojwang. Mzee alikuwa saisi, yaani mtu wa kutunza farasi. Alifanya kazi hiyo tangu tukiwa vijana. Farasi huyu alipochoka mashindano, mwenye farasi akampa mzee kama zawadi. Mzee akamwita Jaber. Kwa Kijaluo ni kusema mrembo.

"Mimi hujawahi kuniita hivyo," nikamwambia.

Mzee akacheka. "Wewe hata nisipokuita unakuja. Huyu bila jina haji."

Kila Jumapili baada ya kanisa, Jaber alikuwa uwanjani. Watoto walipanda, mzee akawazungusha polepole. Mimi nilikaa kwenye nyasi na chupa ya chai. Siku hizo nilidhani zitakuwepo tu.

Kisha mzee akafariki. Tulimpeleka Siaya tukamzika. Oketch akabaki huko kushughulikia boma la baba yake. Jaber tukampeleka kwa rafiki wa mzee, mbele ya Kiserian, penye nyasi nyingi. Alikaa huko karibu mwaka mzima bila kazi.

Oketch aliporudi, akaenda kumchukua. Yawa, ungemwona! Tumbo la duara. Manyoya yanang'aa. Shingo nene.

"Kiserian imemkubali!" majirani wakasema.

"Huyu ako fiti kuliko sisi," Oketch akasema, akimpigapiga mgongo.

Sisi wote tuliamini hivyo. Kwetu, mtu akirudi kutoka shags, kule kijijini, amenona, tunasema ana afya. Akirudi amekonda, tunauliza anaumwa nini.

Lakini kulikuwa na haraka. Pale uwanjani kila mwenye farasi ana nafasi yake. Kimotho, mwenyekiti wao, alimwita Oketch.

"Nafasi ya baba yako tumeilinda kwa heshima yake," akasema. "Lakini watu wanaitaka. Krismasi ikipita kama farasi wako hayuko kazini, itabidi tumpe mwingine."

Nyumbani nako Mildred alikuwa na neno lake. "Mama, huyo farasi anakula na haleti kitu. Thuo wa mawe anamtaka. Tumuuze."

Nilimjua Thuo. Ana mikokoteni ya kubeba mawe ya kujengea. Nilifikiria zile kamba, na yale mawe, na Jaber wa mzee wangu katikati.

"Hatuuzi," Oketch akasema. "Wiki hii anaanza kazi. Mtaona."

Ilikuwa likizo ya Agosti. Jumapili asubuhi Oketch alimpa Jaber ndoo imejaa unga wa mahindi wa mifugo, akaongeza molasi. Alitaka apate nguvu. Kisha akamfunga tandiko na kumpeleka uwanjani, nami nikawafuata.

Watoto walikuwa wengi. Jaber aliwabeba mmoja baada ya mwingine, bila kupumzika. Kisha akaja kijana mmoja mkubwa, na simu mkononi.

"Niaje bro! Nataka video, farasi ikikimbia. Iwe noma."

Oketch akampandisha, akamwachilia Jaber. Jaber akakimbia kuvuka uwanja, akageuka, akakimbia tena. Halafu akasimama ghafla. Jasho lilimwagika kama amenyeshewa. Miguu ya nyuma ikakauka kama mbao. Akatetemeka. Kijana akashuka mbio.

"Mtembezeni, damu izunguke!" mtu akapiga kelele.

"Mmwagieni maji!"

"Ni ujeuri. Leta fimbo."

Oketch akamvuta kwa hatamu. Jaber akaguna. Kisha akakojoa, na mkojo wenyewe ulikuwa mweusi kama strungi, chai isiyo na maziwa.

"Oketch, wacha!" nikasema. "Usimvute."

Kwenye simu yangu kulikuwa na namba ya Gathoni. Yeye ni daktari wa mifugo, na anakaa Kawangware. Kazi yake kubwa ni punda wa kubeba maji wa huko, lakini mzee alikuwa akimwita kwa Jaber. Nikampigia. Yeye huniita shosho, yaani bibi.

"Shosho, asisogezwe hata hatua moja," akasema. "Mfunikeni mgongo na blanketi. Akitaka maji, apewe. Nakuja na boda."

Alikuja. Alimdunga sindano ya maumivu, akagusa misuli ya nyuma. Ilikuwa migumu kama jiwe. Kisha akamwuliza Oketch, "Asubuhi alikula nini?"

Oketch akamwambia. Gathoni akatikisa kichwa, lakini hakumgombeza.

"Umempa chakula cha farasi wa kazi, na yeye alikuwa likizo," akasema. "Halafu ukamkimbiza siku ya kwanza. Misuli imejiumiza yenyewe. Ndiyo maana mkojo ni mweusi."

"Lakini daktari, si amenona? Si ako na nguvu?"

"Leta mkono." Akauweka mkono wa Oketch kwenye shingo ya Jaber. "Unasikia hapa? Haya ni mafuta. Sasa shika hapa mgongoni. Nyama imepungua. Wewe ukikaa Siaya mwaka mzima ukila kuku, utarudi umenona. Nikikwambia upande Ngong Hills na gunia mgongoni, utafika?"

"Nitakufa njiani," Oketch akasema.

"Basi."

Mimi nikauliza lililokuwa moyoni. "Daktari, atarudi kazini? Kabla ya Krismasi?"

"Anaweza, shosho. Lakini kwa njia moja tu. Polepole."

Jaber alipumzika mpaka mkojo ukawa safi na misuli ikalegea. Gathoni alirudi kumwangalia. Alimpa dawa ya minyoo. Akaleta fundi wa kwato, akazikata zikawa sawa. Kisha akatukalisha kwenye ndoo pale bandani, mimi, Oketch na Mildred.

"Sasa ni kutembea," akasema. "Bila tandiko, bila mtu juu. Kila asubuhi, mahali tambarare. Mnaanza na kidogo, mnaongeza kidogo."

"Kwa siku ngapi?" Oketch akauliza.

"Siku? Ni wiki nyingi. Sikizeni. Pumzi ya farasi hurudi upesi. Misuli huchelewa. Kano na mifupa ya miguu ndiyo ya mwisho kabisa. Kwa hivyo farasi ataonekana yuko tayari, na miguu bado. Hapo ndipo watu wengi huwaumiza."

Aliposema hivyo, nikakumbuka kitu. Miaka ile, farasi wa mashindano wakitoka mapumzikoni, mzee na masaisi wenzake waliwatembeza asubuhi kwa mstari mrefu, kuelekea msituni. Baridi ya Julai, ukungu, pumzi za farasi kama moshi wa jiko. Walikuwa wakiimba. Sisi wake zao tulisimama kando ya barabara na kuwacheka. "Mnalipwa kuzurura!" tuliwaambia. Mzee aliinua kofia yake na kupita.

Nikamsimulia Gathoni. Akatabasamu.

"Hawakuwa wanazurura, shosho. Walikuwa wanajenga miguu."

Oketch alipata kibarua cha mjengo, maana lazima tule. Kwa hivyo nikasema, "Nitamtembeza mimi. Mimi pia siwezi haraka. Tutaelewana."

Ndivyo tulivyoanza. Nilishika kamba, Jaber akanifuata. Mwanzo tulienda kidogo tu na kurudi. Sote wawili tulihema. Baadaye tukafika ukingo wa msitu. Baadaye tena tukaanza kupanda mteremko.

Vijana wa boda hawakukosa maneno.

"Shosho! Hiyo mbwa yako imekuwa kubwa!"

"Unampeleka kliniki ama shule?"

"Shule," nikawajibu. "Na wewe ungepita huko kwanza."

Njiani niliongea na Jaber. Nilimwambia habari za mzee. Jinsi alivyokuja kunichumbia na viatu vya kuazima. Jinsi alivyonuka nyasi hata siku ya harusi. Jaber alisikiliza kwa masikio yake. Kuna siku nilisahau kwamba naongea na farasi.

Chakula tulibadilisha. Sasa alikula nyasi kavu nyingi, na nafaka kidogo sana. Kazi ikiongezeka, ndipo nafaka iliongezwa. Siku ya kupumzika, nafaka ilipunguzwa. Sehemu ya kifuani, pale mkanda wa tandiko unapopita, tuliosha kwa maji ya chumvi ili ngozi iwe ngumu isichubuke. Na kila asubuhi, kabla ya kutoka, tulipapasa miguu yote. Mguu ukiwa na joto au uvimbe, hakuna kazi siku hiyo.

Nikienda kanisani mapema, Mildred ndiye aliyepapasa. Mwanzo alifanya kwa kidole kimoja.

"Atanipiga teke, mama."

"Ongea naye. Asishtuke."

Siku moja nilimkuta amechuchumaa chini ya Jaber, mikono yote miwili mguuni. "Huyu wa mbele ana joto," akaniambia. "Leo hatoki." Tukamwita Gathoni. Ulikuwa uvimbe mdogo wa kano. Siku chache za kupumzika, ukaisha. Tungemtoa siku hiyo, ungekuwa mkubwa.

Wiki zikapita. Gathoni akakubali tandiko tupu. Kisha mtoto mwepesi. Kisha Oketch mwenyewe, kwa kutembea tu. Mwisho ndipo akaruhusu ule mwendo wa kudundadunda, masaisi wanauita troti. Kidogo, kisha kutembea, kisha kidogo tena.

"Tutajuaje kama imezidi?" Oketch akauliza.

"Akisimama, tazama mbavu zake," Gathoni akasema. "Shosho anaimba kwaya, si ndiyo? Shosho, imba wimbo wenye beti nyingi. Ukimaliza na pumzi yake bado iko juu, kazi ilizidi. Kesho mpunguze."

Sasa tumbo la Jaber likapungua. Nyama ya mapaja ikakaza. Lakini majirani wakaanza kunong'ona kwamba tunamnyima chakula. Thuo naye akasikia, akaja bandani.

"Yaani mmemkondesha hivi?" akasema. "Mwezi wa nane alikuwa farasi. Sasa ni mifupa. Nitawasaidia tu. Nitamchukua kwa bei ya punda."

Oketch alikuwa amechoka. Kibarua kilikuwa kimeisha, na karo ya watoto ilikuwa inasubiri. Akanitazama, akatazama chini. Nikaona anaanza kukubali.

"Mpandishe mteremko kwanza," nikamwambia. "Thuo aone mifupa."

Oketch akapanda. Jaber akapanda mteremko kwa troti, masikio mbele, bila kusukumwa. Akashuka kwa kutembea. Akasimama mbele yetu. Mbavu zikapanda na kushuka, zikatulia, hata Thuo hajamaliza kukuna kidevu.

"Aisee," Thuo akasema. "Huyu sasa anaweza mawe." Akataja bei nyingine, kubwa. Kisha akaiongeza.

Uamuzi haukuwa wangu. Farasi alikuwa wa Oketch kwa urithi, na watoto ni wake.

Mildred ndiye aliyesimama. Akajipangusa mikono kwenye leso.

"Baba Audrey," akamwambia mumewe, "huyu hatoki hapa. Mimi ninaijua hii miguu. Nimeishika kila wiki. Nikampe mtu wa mawe aivunje?"

"Si ni wewe ulisema tumuuze?" Oketch akasema.

"Nilisema. Sasa nimesema ingine."

Thuo akacheka, akavaa kofia. "Mambo ya wamama siwezi," akasema, akaenda zake.

Krismasi, Jaber alikuwa kwenye nafasi yake. Kimotho alikuja akamzunguka mara mbili. "Huyu ni yule yule?" akauliza. Foleni ya watoto ilikuwa ndefu. Oketch aliwazungusha wachache, akampumzisha Jaber kivulini na maji, kisha wengine wachache. Mzazi mmoja akakasirika.

"Pesa yangu haitoshi? Mbona farasi amesimama?"

"Anapumzika, boss. Ukitaka asiyepumzika, kuna pikipiki pale."

Mchana ulipoingia tu, Oketch akafungua tandiko, na bado watoto walikuwa kwenye foleni. Akawaomba radhi, akawaambia warudi kesho kutwa. Walirudi. Likizo ile yote Jaber alifanya kazi, akapumzika, akafanya kazi. Hakusimama mgumu tena. Karo ikalipwa, na nafasi ya mzee ikabaki yetu.

Mwaka mpya ulipoanza, Oketch aliniambia, "Mama, sasa wewe pumzika. Asubuhi nitamtoa mimi. Miezi hii yote umetembea vya kutosha."

"Sawa, nyathina, mwanangu," nikasema. "Lakini usimkimbize akiwa baridi. Atembee kwanza."

Kesho yake niliwasha jiko. Nikamimina chai. Nikakaa kwenye kiti changu mlangoni, kama mtu aliyestaafu. Mildred akapita na beseni la mandazi. Redio ya jirani ikaanza.

Kufikia wakati chai inapoa, nilikuwa nimeshavaa viatu. Miguu yenyewe ilikuwa imekataa kukaa. Nikapitia Ayany, nikakata upande wa Jamhuri. Niliwakuta ukingo wa msitu, ukungu bado uko chini. Oketch alikuwa mbele na kamba, Jaber nyuma yake, wanaenda polepole. Na Oketch alikuwa anaimba.

Sikuwaita. Nilitembea nyuma yao mpaka mwisho wa njia.