Kipimaelewa

Tumwitike Sanga aliingia katika chumba kitupu, akaweka andalio lake la somo mezani, akasema, "Darasa, njooni."

Sakafu ikawaka rangi ya samawati. Kutoka sakafuni vikachomoza vichwa, kisha mabega yenye sweta za shule, kisha madawati yenyewe. Kufumba na kufumbua, darasa zima la kidato cha kwanza likawa limeketi mbele yake, likisukumana na kunong'ona. Hawa hawakuwa watoto bali vivuli, vilivyofumwa kwa mwanga na sauti. Ukinyoosha mkono kuvigusa, mkono unapita. Lakini vilikohoa, vilipiga miayo, na kimoja kilikuwa kimelala tayari, na somo halijaanza. Kitu pekee walichoshindwa wahandisi kukitengeneza ni ile harufu ya sweta zilizonyeshewa.

Hili ndilo darasa-kivuli, fahari ya Chuo cha Ualimu Nyota ya Kusini, jijini Makambako. Zamani wanachuo walipelekwa shuleni kufanya mazoezi, wakatetemeka mbele ya watoto wa watu na kuwavurugia mwaka mzima. Siku hizi ukivuruga, unavuruga mwanga. Juu ya ubao palikuwa na mtambo wa duara ulioitwa kipimaelewa, ambao kazi yake ni kusikiliza darasa na kuonyesha kwa rangi limeelewa kiasi gani. Huanza na nyekundu, hupanda hadi manjano, na ukifika kijani mlango hufunguka wenyewe. Kabla ya hapo haufunguki. Kuna kitufe cha kujitoa karibu na swichi ya taa, lakini anayekibonyeza hasimami tena darasani maisha yake yote, kwa hiyo wanachuo walikipita kama watu wapitavyo kaburi.

Tumwitike alifundisha vizuri. Alikuwa na sauti ya kwaya na mikono isiyotulia, na Kiingereza chake kilimtoka bila kujikwaa. Alipomaliza maelezo akageuka, akauliza swali ambalo kila mwalimu wa nchi hii ameliuliza tangu chaki ilipovumbuliwa.

"Tumeelewana?"

"Yes, tichaa!" darasa likaitikia kwa pamoja.

Kipimaelewa kikapanda, kikafika manjano, kikasimama hapo hapo. Tumwitike akaliuliza tena darasa, akaitikiwa tena kwa nguvu zaidi, lakini rangi haikusogea. Ndipo sauti tulivu ya mtambo ikasema, "Kivuli kimoja kina hitilafu. Dawati la dirishani. Ungependa kukifuta?"

Akatazama. Kwenye dawati la dirishani kilikuwapo kivuli cha binti mwembamba, jina lake limeandikwa kifuani, Yustina. Kilikuwa hakijafungua mdomo. Kilikuwa kinamtazama tu, nyusi zimekunjana, kama mtu anayesubiri kuulizwa.

Tumwitike alikuwa na njaa, na ugali wa bwalo la chuo ukipoa hauliki. "Kifute," akasema.

Yustina akapotea. Tumwitike akauliza kwa mara ya tatu, darasa likaitikia, kijani kikawaka, mlango ukafunguka kwa mlio wa kengele ndogo. Alitoka akiimba.

Nje, nyuma ya kioo cha kutazamia, alikuwa amesimama Mwalimu Kiswaga, mkufunzi wake, mzee mrefu wa Kihehe mwenye koti la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Wakufunzi wengine walikwisha kubadilishwa na mitambo. Yeye alibakizwa kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, lazima awepo mtu wa kuwasha taa.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeona? Nimepasua!"

"Marahaba. Nimeona." Hakutabasamu. "Kesho ndio mtihani wako wa mwisho."

"Safari hii sifeli. Nimeanguka mara mbili kwa kuhangaika na vivuli vibovu. Lusajo mwenzangu amenifungua macho. Kisichoitikia, futa." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni, maana mzee alikuwa anatazama dawati tupu kule ndani. "Kwani vikifutwa vinakwenda wapi, Mwalimu?"

Kiswaga aliinua ukosi wa koti lake. Treni ya sumaku ilipita chini ya kilima bila kelele, madirisha ya chuo yakatikisika kidogo, yakatulia.

"Kivuli hakibuniwi," alisema. "Kinanakiliwa. Kila kimoja humo ndani kina mtoto wake, yuko katika shule fulani ya kata, na kila wiki mtambo unachukua alivyo na kukisahihisha kivuli chake. Ukikifuta, taarifa inakwenda Bodi ya Mikondo kwamba huyu hafundishiki darasani. Jumatatu mtoto anaondolewa mkondo wa masomo, anapelekwa mkondo wa kazi za mikono. Hakuna anayemwambia kwa nini."

Tumwitike aligeuka kulitazama lile dawati. "Yustina ni mtu?"

"Ni mtu."

"Na nyote mnajua?"

"Wakufunzi tulijua. Ndiyo maana wengi walipoambiwa waende nyumbani, walikwenda haraka."

Alitaka kumkasirikia, akakasirika kweli. Alimuuliza kwa nini mtambo unamwona mtoto aliyekaa kimya kuwa ndiye mbovu, wakati yule aliyelala usingizi wa pono anahesabiwa ameelewa kwa sababu tu aliitikia ndotoni. Mzee akakuna kidevu.

"Wahandisi walipokuja kuunda kipimaelewa, walituomba sauti za madarasa yetu. Tukawapa. Wakasikiliza, mwalimu anauliza tumeelewana, darasa linajibu yes. Wao si walimu, binti yangu. Wakaandika kwamba hapo darasa limeelewa. Hapakuwa na mmoja kati yetu wa kuwaambia kuwa ule ni wimbo tu. Mimi niliimbishwa hivyo nikiwa kidato cha kwanza. Mkaguzi akija tunaimba, anafurahi, anakunywa soda yake, anaondoka. Tungewaambia nini? Kwamba nchi nzima inaitikia kitu ambacho haijakielewa?"

Jioni ile hakwenda bwaloni. Tumwitike alikwenda kwa mtambo wa kumbukumbu, akaomba kivuli cha Yustina kirudishwe, akajibiwa kwa adabu kwamba kilichofutwa hakirudi. Akaomba jina la shule, akajibiwa kwa adabu ile ile kwamba hana kibali. Akampigia mama yake huko Makete, na kabla hajasema neno, mama akaanza yeye. Kwaya nzima ilikuwa imeshashona sare ya kitenge kwa ajili ya mahafali. Mchungaji amekwisha kumtangaza kanisani.

"Mwanangu, mwaka huu hututii aibu?"

"Hapana, mama."

"Maana mara ya tatu ukianguka wanakufungia kabisa."

"Najua, mama."

Alijua sana. Aliyeanguka mara tatu jina lake lilitolewa katika vyuo vyote, na Tumwitike hakuwahi kutaka kuwa kitu kingine chochote. Tangu utoto alikuwa akiwafundisha Kiingereza kuku wa mama yake, akiwachapa kwa kijiti walipokosa heshima. Hapakuwa na mlango mwingine katika maisha yake.

Asubuhi aliingia chumba cha mtihani. Mlango ukajifunga nyuma yake, akasikia komeo likijibana ukutani. Mada ilitokea ubaoni, nayo ilikuwa ya kidato cha kwanza hasa, rahisi kabisa: jinsi ya kuomba msaada kwa Kiingereza pale usipoelewa jambo.

"Darasa, njooni."

Vikachomoza. Dawati la dirishani lilikuja tupu. Hakuwa amelitarajia hilo.

Alifundisha. Alieleza, akaigiza, akaandika ubaoni, akawaimbisha. Alicheza mtu aliyepotea stendi ya treni na mtu aliyepewa dawa asizojua kuzinywa. Vivuli vilicheka mahali pa kucheka. Kila kitu kilikuwa sawasawa na andalio la somo, naye alitamani liendelee tu asifike mwisho. Mwisho ukafika.

"Tumeelewana?"

"Yes, tichaa!"

Manjano. Hakuhitaji kuambiwa. Nyuma kabisa, karibu na kabati, kivuli cha msichana mnene mwenye kovu kwenye paji la uso kilikuwa kimefumba mdomo. Kifuani kimeandikwa Tabea.

"Kivuli kimoja kina hitilafu," ilisema ile sauti tulivu. "Ungependa kukifuta?"

Tumwitike alitazama mlango. Alitazama kitufe cha kujitoa. Alimtazama Tabea. Chumba ambacho jana kilikuwa kikubwa kama ukumbi kilikuwa kimemkaba. Akifuta, atatoka mwalimu, na kila darasa atakaloingia atakuwa na Tabea mbele yake. Akijitoa, ataingia mwanachuo mwingine baada yake, labda Lusajo wa mwaka ujao, naye atakuwa na njaa na atafuta. Akikaa tu, mtambo utamfunga humo na wimbo wake mpaka achague mojawapo. Aliona wazi kwamba njia zote zilikuwa zimechongwa zitokee mahali pamoja, na machozi ya hasira yakamtoka mbele ya darasa, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya hata mbele ya mwanga.

"Ungependa kukifuta?"

"Nyamaza kidogo," alisema. "Niko darasani."

Akaiacha meza. Akapita katikati ya madawati, akaenda nyuma, akachuchumaa kando ya Tabea, magoti yakagusa sakafu baridi. Hakuna andalio la somo lililowahi kusema ufanye hivyo.

"Tabea," alisema, "umeelewa?"

Mtoto akamtazama, akatazama wenzake, akatazama kile kiduara cha manjano ukutani. Ilikuwa dhahiri kwamba katika maisha yake hajapata kuulizwa peke yake.

"Sikuchapi," alisema Tumwitike. "Wala sikufuti. Hata mimi siko huru kutoka humu. Tuna muda."

Midomo ya Tabea ilianza kutikisika. Kisha, kwa Kiingereza cha kukwaruza, kila neno likitoka peke yake kama mtoto anayeshuka ngazi, akasema, "Mwalimu, sijaelewa. Tafadhali nisaidie."

Kipimaelewa kikashuka, kikagusa nyekundu.

Tumwitike hakugeuka kukitazama. Alikuwa ametoa macho, maana kila neno lilikuwa mahali pake, sauti ilikuwa ya ombi la kweli, na mada ya siku ilikuwa ubaoni nyuma yake. Yule aliyeitwa hitilafu ndiye wa kwanza katika darasa zima kulitumia somo.

"Mpigieni makofi matatu," alisema.

Darasa likapiga, pa, pa, pa. Halafu mvulana aliyekuwa amelala akainua kichwa, akainua na mkono, akasema kwa Kiingereza, "Mwalimu, nami sijaelewa. Tafadhali nisaidie." Akafuata wa dawati la mbele. Akafuata binti wa kikohozi. Hawakuimba. Kila mtu alisema kwa sauti yake, wengine wakikosea na kurudia, mmoja akiona haya hata akajificha nyuma ya daftari, na kwa kila sauti iliyosikika mtambo ulizidi kushuka, mpaka nyekundu ikafifia na duara likabaki jeusi.

"Darasa limeelewa sifuri," ilisema sauti tulivu. "Somo limeshindwa. Vivuli vyote vina hitilafu. Ungependa kuvifuta vyote?"

"Hapana."

"Mtihani hauwezi kufungwa. Mlango hauwezi kufunguliwa."

Kipaza sauti cha ukutani kikakwaruza, na sauti ya Mwalimu Kiswaga ikaingia chumbani, ikimwita kwa jina. Alikuwa nyuma ya kioo, koti lake la sufu limefungwa hadi shingoni, kiganja kimebandikwa kwenye kioo. Tumwitike aliona kwamba mzee naye alikuwa analia.

"Wameelewa, Mwalimu," Tumwitike alisema. "Umewasikia? Wameelewa wote."

"Nimewasikia."

"Basi niambie nifanye nini."

Mzee aliutazama mlango. Alikuwa amefundisha watu kujibu swali hilo muda wote wa kazi yake.

"Sijui, binti yangu," alisema. "Sijaelewa. Mlango huu sina ufunguo wake, na walio nao watauamini mtambo."

Tumwitike akafuta machozi kwa kiganja, akasimama, magoti yakamuuma. Alifikiria kitenge cha kwaya kilichokunjwa kabatini Makete. Kisha akarudi ubaoni, akafuta alichokuwa ameandika, akaligeukia darasa lake. Mikono yote ilikuwa juu.

"Haya," alisema. "Tuanze na Tabea."