Waridi Lisilopakwa Nyeupe

Mvua ya Oktoba ilimsukuma Leyla ndani ya duka la nguo pale Stratford Road, Sparkhill, ughaibuni, Jumamosi moja watu wakisongamana kununua nguo za harusi. Alivaa koti la kijivu na hijabu ya zambarau, mkebe wa penseli za rangi kwapani. Muuzaji, Mubarik, kijana mrefu wa shati lililopigwa pasi kupita kiasi, alimkimbilia, akamwita dada kwa Kisomali.

"Nikuonyeshe nini, abaayo?"

"Nikunjie hicho kitambaa cheupe. Sinunui, nataka tu kuona shadow."

Mubarik alizoea wateja wasionunua, lakini wa kuchungulia vivuli hakuwahi kumpata. Akakunja, akakunjua, akakunja tena, hadi mwenye duka, Bi Paramjit, akakohoa mara tatu.

Leyla alimweleza kwamba mama yake, Ardo, alikuwa anapoteza macho, na daktari alisema angeona hadi mwisho wa majira ya baridi tu. Alikuwa akimchorea waridi jeupe lililoota mlangoni pao Naivasha, ili Hooyo, kama alivyomwita mama, alione mara moja tena kabla ya giza. Mubarik akaomba namba, eti amjulishe vitambaa vyeupe vikifika. Vikawa vinafika kila siku.

Walipendana, tena bila kificho. Simu za mchana zilikuwa ndefu kuliko chakula cha mchana. Mubarik alilalamika kwamba waridi linapendwa kuliko yeye. Leyla alimjibu kwamba waridi angalau halisemi upuuzi.

Siku moja ya Februari, akimpeleka mama hospitali, Leyla alimwachia Mubarik mchoro na mkebe wa penseli dukani visilowe. Zilibaki petali tatu za kutiwa vivuli. Mubarik aliufunua, akaona petali bado zina nafasi tupu, na penseli nyeupe haijachongwa hata kidogo. Maskini mpenzi wangu amechoka, alijiambia. Akaichonga, akakandamiza kwa mapenzi yake yote, petali baada ya petali.

Leyla aliporudi hakupiga kelele. Alijaribu kupitisha kijivu juu ya petali, kikateleza kwenye nta ya penseli nyeupe. Akajaribu tena.

"Ulichojaza ndicho nilikuwa nalinda," alisema. "Ua jeupe halipakwi nyeupe, Mubarik. Unachora vivuli, karatasi unaiacha. Sasa rangi haina pa kushika."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Hiyo ndiyo inaniuma."

Ilikuwa kazi ya miezi minne, na macho ya mama hayakuwa na miezi minne tena. Leyla alianza upya, giza likamtangulia, mama akapofuka. Simu za Mubarik ziliita bila kupokelewa. Kila mapumziko ya kazi kijana aliketi nyuma ya marobota ya vitambaa na penseli zake mwenyewe, akichora maua mabaya, akitaka kuelewa alichoharibu.

Aprili Leyla alipokea simu. Hooyo alitaka kumjua mtu anayeliliwa bafuni kila asubuhi.

Sebule ya Leyla na mama yake huko Acocks Green ilikuwa baridi. Ardo aliketi wima, macho wazi. Mubarik aliomba radhi.

"Nimekusamehe," Ardo alisema. "Sasa niambie, lilikuwaje?"

Leyla aligeukia dirisha. Mubarik alisogea karibu na mama.

"Katikati kulikuwa na manjano kidogo sana, Hooyo, ni rahisi kuikosa. Petali za ndani, huko chini, kijani kama kijivu. Petali inapolalia nyingine, bluu. Ukingoni zambarau inafifia."

"Na weupe?"

"Weupe ni pale ambapo Leyla hakugusa. Mimi nikagusa."

Ardo aliinua uso. Leyla alikuwa analia waziwazi. Alimsindikiza Mubarik hadi mlangoni, akasimama akiwa ameshika kitasa.

"Nakupenda, na bado nina hasira," alisema. "Nilitaka alione ua, halafu akuone wewe. Hatawahi kukuona. Hilo sitalisahau."

"Wala mimi."

"Basi njoo Jumamosi na wazee wako. Na uongee kwa sauti, akujue."