Namba Nzuri za Chapuchapu

Kila siku ya likizo, Chapuchapu akishaosha vyombo alikwenda kwenye karakana ya shangazi yake, chumba chenye paa la bati nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa nyumbani, maana kazi ya saa nzima aliimaliza kwa dakika kumi, na ilionekana.

Shangazi alikuwa fundi wa umeme. Wiki hizo alikuwa akijaribu sanduku la kutotolea vifaranga, lenye mayai arobaini. Yai moja Chapuchapu alilichora nyota kwa penseli. Kifaranga cha humo kingekuwa chake.

"Joto halina adabu," Shangazi alimweleza. "Ongeza moto kidogo asubuhi, huoni kitu. Ongeza kiasi hichohicho mchana, bati likiwaka, mayai yanaiva. Hakuna hesabu moja inayofaa siku nzima. Basi kompyuta hii inakisia moto, wewe unaiambia joto lililopatikana, nayo inarekebisha makisio yake."

"Inajifunza kama mimi na hesabu za kuzidisha?"

"Afadhali yenyewe. Haisingizii kuumwa tumbo."

Kila robo saa kompyuta ililia. Chapuchapu aliinama, akasoma kipimajoto kupitia kioo, akabonyeza namba. Iliyotakiwa ilikuwa nyuzi thelathini na saba na nusu.

Siku moja, mayai yakiwa yamekaa humo wiki mbili, Shangazi aliitwa kwa mteja. Nje, wenzake walikuwa wakiruka kamba. Kompyuta ilipolia, Chapuchapu alikimbia ndani, akabonyeza thelathini na saba na nusu bila kuinama, akarudi kabla zamu yake haijapita. Alifanya hivyo hadi adhuhuri. Kumbe kompyuta, kwa kuambiwa kila mara kuwa joto ni sawa, iliendelea na moto uleule wa asubuhi ya baridi.

Shangazi aliporudi aliangalia kioo, akazima moto upesi na kufungua kifuniko.

"Thelathini na tisa na nusu! Na huku namba zote ni safi. Basi kipimajoto au sanduku, chombo kimeharibika. Itabidi nikifungue chote, na mayai yatapoa mpaka kesho, vifaranga wafe."

Alichukua bisibisi. Chapuchapu aliliangalia yai lenye nyota. Aliogopa na kuona aibu, lakini bisibisi ilikwisha kugusa skrubu ya kwanza.

"Shangazi, usifungue! Chombo ni kizima. Namba nilizitunga mimi. Sikuangalia."

Shangazi akaweka bisibisi chini. Kisha wakafuta namba zote za siku ile, wakaanza upya. Yai lenye nyota wakalimulika kwa tochi. Ndani, kitu kidogo kikajitikisa. Chapuchapu alifurahi hadi akalia.

Kuanzia hapo alisoma kila namba mara mbili. Nyingine zilikuwa mbaya: thelathini na sita, thelathini na nane. Alizibonyeza hivyohivyo, na namba mbaya zikapungua siku baada ya siku. Wiki iliyofuata, vifaranga thelathini na sita walitoka. Wa nyota alitoka wa mwisho, kalowa, mwenye kelele kuliko wote.

"Huyu si chapuchapu kama mwenye yai," Shangazi alicheka. Halafu akasema, "Ulipoipa kompyuta namba nzuri za uongo, ilidhani inajua. Zile mbaya za kweli ndizo zilizoifundisha. Na mimi vilevile, mwanangu. Ukikosea, niambie kosa lilivyo. Nisilolijua siwezi kukusaidia kulirekebisha."