Kaburi la Mwisho Uwanjani

Kaburi la Rogasian lilikutwa wazi saa moja asubuhi, greda ikiwa imeshawashwa. Lilikuwa la mwisho kuhamishwa ili uwanja wa ndege wa Ngumbo uongezwe urefu, na padri alitarajiwa mchana. Kifuniko cha jeneza kilikuwa kimebanduliwa. Ndani hamkuwa na hata mfupa mmoja.

Sajini Asteria, aliyeletwa kutoka Mbinga kusimamia uhamishaji, aliamuru geti lifungwe. Mabati yalizunguka pande tatu. Upande wa nne ulikuwa ziwa. Nje watu walipiga mabati kwa mawe.

"Mtoeni huyo muuza mifupa!"

Walimtaka Nazari, mlinzi mgeni kutoka Tanga. Sajini alikuwa amemfungia kwenye kontena la saruji.

"Afande, nakufa na joto humu!"

"Ukitoka utakufa upesi zaidi. Nani aliingia usiku?"

"Getini hakupita mtu. Naapa."

"Ulilala?"

"Kidogo tu, afande."

Ndugu wa marehemu walioruhusiwa kubaki ndani walikuwa wawili: Gertrude, mjane, aliyeshika rozari bila kuihesabu, na Wolfgang, mdogo wa marehemu.

"Afande, tunaungua jua bure," alisema Wolfgang. "Ufunguo wa geti anao Nazari peke yake. Mpeleke Songea yaishe. Shemeji yangu ana presha."

"Presha yangu iache," alisema Gertrude.

Sajini alikuwa akitazama vitu vitatu kando ya shimo: sufuria iliyotobolewa, sahani na kikombe. Vilikuwa juu ya jani la mgomba, vimefunikwa midomo chini.

"Shikamoo mama. Nani kavipanga hivi?"

"Marahaba mwanangu. Nimevikuta hivyo. Ni vyombo vya marehemu, vilikuwa juu ya kaburi; sufuria tuliitoboa siku ya mazishi. Kwetu ukiviondoa huvilazi chali, ni kumdharau."

"Nazari anajua hilo?"

"Atalijulia wapi? Juzi alitaka kuichukua hiyo sufuria aizibe tundu apikie dagaa, tukamfukuza."

Nyuma ya geti mtu alicheka, kisha mabati yakapigwa tena, kwa nguvu zaidi. Sajini aliruka ndani ya shimo. Kitambaa cha nailoni kilichopigiliwa ndani ya jeneza kilikuwa cheupe pee. Hakikuwa na doa, ila mikwaruzo mirefu na vumbi.

"Mama, mwili uliuona?"

"Sikuuona. Alizama upande wa Malawi, miaka minane sasa. Shemeji ndiye aliyekwenda kumleta. Jeneza lilifika limeshapigwa misumari. Akasema ameharibika, nisifungue."

"Aliyeharibika angeacha doa."

Sajini alitoka shimoni, akatembea hadi mabati yalipoishia, ndani ya maji yafikayo magotini. Mtu angeweza kuyazunguka bila kugusa geti. Maji ya Nyasa hayafichi kitu. Kati ya kokoto za mviringo palikuwa na mawe makubwa yenye kona kali, mekundu, ya milimani. Moja lilikuwa limenasa nyuzi nyeupe za nailoni.

Aliliinua, akalibeba hadi miguuni pa Wolfgang.

"Hakuna aliyeiba mifupa. Yaliyoibwa ni mawe yaliyojazwa jenezani, kabla padri hajafika akayaona. Na aliyeyatoa alivishusha vyombo kwa heshima, gizani, bila kufikiri. Jeneza hili nani alilifunga?"

Wolfgang alitazama geti, akatazama ziwa. Akakaa juu ya udongo.

"Shemeji," alisema Gertrude, "nilimzika nani?"

"Hakuna mtu. Rogasian yuko Nkhata Bay, Malawi. Alipata mwanamke, akaniambia harudi tena." Sauti yake ilishuka. "Akijulikana yu hai, shamba la kahawa kule Mbinga lingebaki mikononi mwako. Akihesabiwa amekufa, ukoo ungenipa mimi nisimamie. Na ukoo ulinipa."

"Na Nazari ungemwacha auawe?" aliuliza Sajini.

Wolfgang alinyoosha mikono, akafungwa pingu.

Sajini alifungua kontena. Nazari alitoka akitambaa, mweupe kwa saruji kama mzimu. Habari ilikuwa imeshapita kwenye matundu ya mabati. Nje hapakuwa na anayepiga tena.

Gertrude aliinama, akaokota sufuria. Akaingiza kidole kwenye tundu.

"Kila Novemba, mwezi wa marehemu, nimemwombea apumzike," alisema. "Na hii ilikuwa sufuria yangu nzuri."

Dereva wa greda alivua kofia. "Mama, pole. Tumsubiri padri?"

"Aje kufanya nini, mwanangu? Pitisha. Hapo hakuna mtu."