Bomba la Kushoto

"Nyigu, unamwona?" Mkuu aliuliza redioni.

"Namwona, Mkuu."

"Akifika kwenye bwawa, mji mzima umekwisha."

Nyigu alikaza mafuta, pikipiki yake nyepesi ikachomoka katikati ya malori mawili. Jua la asubuhi. Mita mia mbili mbele, dubwana jeusi la pikipiki lilikuwa likinguruma, fundi aliyeliunda akiwa juu yake.

Lilikuwa kazi ya mkono, lote. Fundi aliikunja fremu mwenyewe, akazilaza shokapu hadi gurudumu la mbele likatangulia kama pua ya mdaku. Injini ya silinda mbili, cc 1800. Tairi la nyuma pana kama mto wa kulalia.

Idara ya usalama ilijua sumu imeingia nchini. Haikujua imefichwa wapi. Mwezi mzima Nyigu alijifanya mnunuzi, akishinda karakanani, akinywa chai ya fundi na kumwita "mzee wangu". Na ile pikipiki aliipenda kwa dhati.

Asubuhi ile, karakanani, injini yake ilikuwa imewaka robo saa nzima. Nyigu aligusa bomba la moshi la kulia. Likamuunguza. Akagusa la kushoto.

Baridi kama maiti. Moshi haukuwahi kupita humo.

Fundi aliuona ule mkono. Akarukia kiti cha lile dubwana, akatimua mbio.

"Mkuu, funga barabara ya bwawa!" Nyigu alipaza sauti redioni, sasa akiwa nyuma ya fundi.

"Vijana wapo dakika kumi nyuma yako."

"Basi niachieni mimi."

Kwenye barabara iliyonyooka asingemkamata. Lakini mbele kulikuwa na kona kali kama kiwiko, na shokapu ndefu vile hazipendi kona. Fundi mwenyewe alimwambia.

Nyigu hakushika breki. Alijipenyeza upande wa ndani, akambana.

Fundi alikata usukani. Chombo kikagoma. Kikapanua kona, kikaserereka kwenye kokoto, kikaingia mtaroni.

Nyigu akasimama, akashuka. Petroli ilikuwa ikidondoka.

Mkono wa fundi ulielekea kwenye koti. Bastola ya Nyigu ilikwishatoka.

"Usithubutu, mzee."

Alimfunga pingu, akafungua kifuniko cha bomba la kushoto. Chupa sita za sumu ndani ya sponji. Hata moja haikuwa na ufa. Kazi safi, ya kutapisha.

"Wageni waliniambia nichonge bomba, nikachonga," fundi alisema akihema. "Mimi fundi tu, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Una wajukuu watatu wanaokunywa maji ya bwawa hilo hilo!"

Fundi aliangalia viatu vyake.

"Niliwasafirisha jana."

Nyigu akatema mate pembeni.

"Mkuu, mzigo ninao. Mzima."

"Safi. Wale wageni tumewanasa hotelini, wote wanne."

"Vijana waje na glavu."

"Za kushikia chupa?"

"Na huyu mzee."

Vijana walipofika, mmoja alilizunguka lile dubwana mara mbili, macho yamemtoka.

"Afande, na hii je? Mbona nzuri hivi!"

Nyigu alikuwa akivaa kofia yake ngumu.

"Mkishapiga picha za ushahidi, ikateni vipande."

Akawasha pikipiki yake, akaondoka taratibu, bila kugeuka.